Kujenga kituo cha utafiti wa ziwa ufukweni Mwanza: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yanahusu kituo cha ukubwa wa kawaida: watafiti 10 hadi 30, boti mbili au tatu, maabara, matangi ya samaki hai na gati. Mifano mingi ni ya Ghuba ya Mwanza, kuanzia Kirumba na Capri Point hadi Butimba, Nyegezi na Luchelele, pamoja na upande wa Igombe unaotazama ziwa wazi.

Je, kituo chote ni lazima kiwe ufukweni?

Hapana, na jibu hili linaokoa fedha kuliko mengine yote hapa chini. Vinavyolazimika kugusa maji ni vitatu tu: gati, njia ya kupandishia boti na bomba la kuvutia maji. Kibanda cha pampu kinafuata kwa karibu. Maabara, ofisi, stoo ya sampuli, jenereta, mabweni na jiko havidai chochote kutoka ukingoni isipokuwa mandhari, na mandhari ya Mwanza inaonekana vizuri zaidi ukiwa kilimani.

Kosa linalojirudia ni kuanza na picha ya jengo la vioo lililosimama majini, kisha kuhangaika kutafuta sheria na msingi wa kulibeba. Anzia kwingine. Andika kila kazi inayofanyika kati ya boti na friza: kupokea samaki, kuwapima, kuwapasua, kuchukua vipande, kuhifadhi. Halafu uliza kila kazi inavumilia umbali gani kutoka kwenye boti. Nyingi zinavumilia mita 100 za kusukuma toroli, mradi njia iwe ya zege, upana mita 1.5, isiyo na ngazi. Kinachopaswa kubaki karibu na gati ni meza moja yenye kivuli, bomba la maji na mizani.

Sheria ya mita 60 inasemaje, na zinapimwa kutoka wapi?

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu, au zinazoweza kuathiri hifadhi ya ukingo, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa la asili, bahari, mto au bwawa. Gati na bomba haviwezi kukaa nje ya mstari huo, kwa hiyo vielezwe wazi ndani ya tathmini ya athari kwa mazingira, na sababu zake. Usivifiche kwenye mchoro ukitarajia mkaguzi havioni.

Shida ya vitendo ni kwamba ukingo wenyewe unatembea. Kwenye ufuko wenye mteremko wa 1 kwa 20, ziwa likipanda mita 1 ukingo unasogea mita 20 ndani ya kiwanja chako. Aliyepima mita 60 ziwa likiwa limeshuka anaweza kujikuta amebaki na 20. Pima kutoka alama ya maji ya juu kabisa inayojulikana mahali hapo, hata kama afisa hajakudai hivyo.

Ziwa linapanda na kushuka kiasi gani?

Kipimo chenye kumbukumbu ndefu ni cha Jinja, Uganda, mahali Nile inapotoka ziwani. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 mvua kubwa zilipandisha ziwa zaidi ya mita 2 ndani ya miaka michache, hadi mita 13.41 kwenye kipimo hicho mwaka 1964. Baadaye likashuka kwa kupanda-panda hadi likawa chini sana mwaka 2006. Mei 2020 likafika 13.42, na 2024 likapita hapo. Kutoka chini ya 2006 hadi juu ya 2020 ni pengo linalokaribia mita 3.

Ndani ya mwaka mmoja mabadiliko ni madogo, kwa kawaida chini ya nusu mita: juu baada ya masika, Mei na Juni, chini kuelekea Oktoba na Novemba. Ndiyo maana watu hudanganyika. Anayekaa hapa miaka miwili anaondoka akiamini ziwa limetulia, na mchoro wake unabeba imani hiyo.

Kwa vitendo, sanifu hivi. Gati na njia ya boti vifanye kazi katika upana wa angalau mita 3, tena uongeze mita 0.5 juu ya alama ya 2024. Mdomo wa bomba uwe angalau mita 2 chini ya kiwango cha 2006. Sakafu ya jengo lolote lenye umeme iwe mita 1.5 au zaidi juu ya alama ya 2024, kisha uongeze kimo cha mawimbi kama eneo liko wazi.

Angalia pia tofauti ya vipimo. Namba za Jinja ni urefu kwenye mti wa kupimia wa pale, si mwinuko kutoka usawa wa bahari. Ziwa liko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,135. Mpima ardhi atakuletea mwinuko wa bahari, mwanasayansi atakuletea namba ya Jinja, na mkandarasi atapima kutoka kwenye maji ya siku ile. Pachika pini moja ya chuma kwenye mwamba usiotikisika, iandikwe kwenye kila mchoro, na kila kipimo kitoke hapo. GPS ya mkononi isitumike kwa kimo. Inakosea mita kadhaa.

Kabla ya kuamini karatasi, nenda kwenye mwalo wa wavuvi wa jirani uulize maji yalifika wapi 2020. Watakuonyesha ukuta, mti au mlango wa banda. Peleka mpima ardhi achukue kimo cha alama hiyo. Kazi ya saa moja.

Vibali vinatoka wapi na kwa mpangilio gani?

Anza na ardhi: hati, na matumizi yaliyoandikwa kwenye hati yalingane na kituo cha utafiti. Kama kiwanja ni cha makazi, badilisha matumizi kwanza. Kisha sajili mradi NEMC (chombo cha taifa cha kusimamia mazingira) kwa ajili ya tathmini ya mazingira. Sambamba na hapo, Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria, iliyo Mwanza, ndiyo inayotoa kibali cha kuchukua maji na kibali cha kutiririsha majitaka yaliyosafishwa, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009. Hivyo ni vibali viwili, na wengi huomba cha kwanza wakasahau cha pili. Kibali cha ujenzi hutoka halmashauri: Jiji la Mwanza au Manispaa ya Ilemela, kutegemea kiwanja kiko upande gani.

Gati na boti zinawahusu TPA (mamlaka ya bandari) na TASAC (wasimamizi wa vyombo vya majini). Kemikali za maabara zinasajiliwa kwa Mkemia Mkuu wa Serikali. Zimamoto na OSHA (usalama mahali pa kazi) waone michoro kabla ya msingi, maana mlango wa dharura ukihamishwa karatasini ni kazi ya kifutio tu. Utafiti wenyewe una kibali chake COSTECH (tume ya sayansi na teknolojia), na kwa mambo ya samaki ni vizuri kuzungumza mapema na TAFIRI (taasisi ya utafiti wa uvuvi), ambao wana kituo hapa hapa Mwanza. Huenda wana vifaa ambavyo huna haja ya kununua.

Mwanza ni mawe matupu. Msingi si utakuwa imara bila shida?

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Majabali ya itale yanayoonekana juu yamebaki baada ya mwamba ulioyazunguka kuoza na kuwa udongo wa kichanga. Chini ya jabali kubwa kunaweza kuwa na mita kadhaa za kichanga laini, na pembeni yake mwamba mzima. Ukiweka nguzo moja juu ya jabali na nyingine kwenye kichanga, jengo litazama upande mmoja na ukuta utapasuka mshazari kuanzia pembe ya dirisha.

Kwenye ghuba ndogo zenye mafunjo na matete hali ni nyingine: tope laini juu, mfinyanzi chini, na mara nyingine udongo mweusi wa mbuga unaovimba mvua ikinyesha na kupasuka jua likiwaka.

Uchunguzi wa chini kabisa unaokubalika: mashimo matatu ya kutoboa kwa kila jengo kubwa, na kila shimo likigonga mwamba liendelee angalau mita 3 ndani yake. Mtoboaji atataka kusimama akigonga kitu kigumu na kuandika "mwamba". Mita hizo 3 ndizo zinazotenganisha jabali na mwamba, na jabali kubwa laweza kukudanganya hata hapo. Ukiona mashimo mawili ya jirani yanatofautiana sana, ongeza la nne.

Majini kuna njia rahisi ya kuanzia. Chukua nondo ya milimita 16 yenye urefu wa mita 6, simama kwenye boti iliyotiwa nanga mbili, uisukume chini kila baada ya mita 5 kwenye mstari wa gati. Andika kina cha maji, mahali nondo ilipoanza kukutana na tope, na mahali ilipogoma. Ikigoma kwa mlio mkali ni jiwe. Ikigoma polepole ni mchanga au mfinyanzi. Kwa siku moja watu wawili wanapata ramani ya tope ambayo itamwongoza mtoboaji. Haichukui nafasi yake.

Tuna michoro ya kituo cha bahari kutoka Pwani. Tuitumie?

Mpangilio wa vyumba, ndiyo. Vifaa vya majini, hapana. Maji ya Victoria ni matamu na yana madini machache, hivyo nondo hazishambuliwi na chumvi kama Dar es Salaam au Tanga. Zege nzuri yenye uwiano wa maji na saruji usiozidi 0.5, na milimita 50 za zege juu ya nondo, inatosha mahali pengi. Lakini usichanganye zege kwa maji yaliyochotwa kwenye tope la kijani la ukingoni. Mwani na uozo hudhoofisha zege.

Kitu kinachosahaulika ni vipande vya madini vya kukinga chuma kisiliwe na kutu. Baharini hutumika zinki. Kwenye maji matamu zinki hujifunika ganda na kuacha kufanya kazi. Tumia magnesiamu kwa chuma cha boti na maboya. Boti ikihamishwa kutoka Pwani kuja Mwanza, hilo ndilo la kwanza kubadilisha. La pili ni mstari wa mzigo: maji matamu ni mepesi, kwa hiyo boti ile ile yenye mzigo ule ule huzama kidogo zaidi.

Gati la nguzo au la kuelea?

Kwa ziwa linalotembea mita 3, la kuelea, au mchanganyiko: sehemu fupi ya nguzo kutoka nchi kavu, kisha daraja lenye bawaba, kisha jukwaa linaloelea. Gati la nguzo peke yake linakuwa juu mno mwaka mmoja na chini ya maji mwaka mwingine. Kando ya ghuba yapo magati ya zamani yanayosimulia habari hiyo.

Urefu wa daraja la bawaba unatokana na mteremko unaoukubali. Kwa tofauti ya mita 3 na mteremko wa 1 kwa 6 unahitaji mita 18. Mteremko huo ni mkali kwa toroli lenye matangi ya samaki, lakini utatokea tu ziwa likiwa chini kabisa. Kwa miaka ya kawaida, maji yakiwa katikati ya upana huo, mteremko utakuwa mpole.

Hesabu ya jukwaa: tuseme mita 2.4 kwa 6, yaani mita za mraba 14.4. Mzigo wa watu na vifaa kilo 200 kwa mita ya mraba ni kilo 2,880. Mbao, vyuma na vifungo kilo 60 kwa mita ya mraba ni kama kilo 860. Jumla inakaribia kilo 3,750. Pipa la plastiki la lita 200 hubeba karibu kilo 200 likizama lote, hivyo mapipa 19 yangeelea tu na jukwaa likiwa usawa wa maji. Weka 26. Mzigo wote ukiwa juu, mapipa yatazama takriban robo tatu, na bado miguu itakuwa mikavu. Mapipa ya chuma usiyatumie. Yanaoza kwenye mstari wa maji, na moja likijaa jukwaa linalala upande. Funga mapipa kwa mikanda miwili ndani ya fremu, wala usitegemee misumari.

Nanga: block ya zege ya mita 1 ya ujazo ina kilo 2,400 nchi kavu na kilo 1,400 tu ndani ya maji. Watu husahau hili, kisha wanashangaa nanga imetembea usiku wa dhoruba. Tumia minyororo minne iliyovuka mshazari, kila mmoja na urefu wa angalau mara tatu ya kina cha maji, na uache mlegeo unaotosha kupanda kwa ziwa. Mtu apewe kazi ya kuikagua na kurekebisha mlegeo kila baada ya masika.

Mawimbi ya ziwa yanaweza kuharibu nini?

Inategemea umbali wa maji mbele yako. Ndani ya ghuba, upepo ukipita juu ya maji ya kilomita 5 kwa kasi ya mita 15 kwa sekunde, mawimbi hufika kama nusu mita au zaidi kidogo, mafupi na ya haraka. Upande unaotazama kaskazini kwenye ziwa wazi, upepo huo huo hutoa mawimbi ya zaidi ya mita 2.

Uzito wa jiwe la kukinga ukingo hupanda kwa mchemraba wa kimo cha wimbi. Kwa itale na mteremko wa 1 kwa 2, wimbi la mita 0.6 linataka mawe ya kilo 30 hadi 40. La mita 1, kilo 150. La mita 2, zaidi ya tani moja. Kiwanja cha Igombe cha bei nafuu kinaweza kudai lori baada ya lori la majabali ambayo kiwanja cha Luchelele hakihitaji. Chini ya mawe weka kitambaa cha kuchuja na tabaka la kokoto. Bila hivyo mchanga hunyonywa kati ya mawe na ukuta unazama taratibu. Ukuta wima wa zege uepuke: wimbi linarudishwa, linachimba mguu wa ukuta, na jirani ndiye anayepoteza ufuko.

Bomba la kuvutia maji lisanifiwe vipi?

Chukua mfano wa lita 5 kwa sekunde, zinazotosha matangi ya kituo cha kati. Bomba jeusi la poliethilini la milimita 110 linapitisha maji hayo kwa kasi ya takriban mita 0.7 kwa sekunde, vizuri kabisa.

Chujio liwe na maji yanayoingia polepole, chini ya mita 0.1 kwa sekunde, ili dagaa na vifaranga vya samaki waweze kuogelea na kutoroka. Silinda ya kipenyo cha sentimita 30 na urefu wa sentimita 30, yenye asilimia 40 ya uwazi, inakupa kasi ya nusu ya hiyo. Hata nusu ya matundu ikiziba bado uko salama. Liweke mita 1 hadi 1.5 juu ya tope, si juu ya tope lenyewe, na mita 2 au zaidi chini ya uso. Ukilipeleka kina kirefu mno, kuna miezi, hasa Oktoba hadi Aprili, ambapo maji ya chini ya ziwa hukosa oksijeni kwa sababu tabaka la juu lenye joto limekaa kama kifuniko. Samaki wa tangini watakufa wakati ziwa juu linaonekana safi. Juni hadi Agosti upepo wa kusi huchanganya maji hayo.

Poliethilini huelea hata ikijaa maji. Funga kola za zege za kilo 15 hadi 20 kila baada ya mita 3, na sehemu ya ukingoni, mawimbi yanapovunjika, izike angalau mita 1. Bomba lililoachwa wazi hapo huchomolewa na mawimbi au kukatwa na injini ya boti. Weka boya juu ya chujio na waambie wavuvi maana yake, vinginevyo watafikiri ni nyavu za mtu.

Pampu isikae juu mno. Kwenye mwinuko wa Mwanza hewa inasukuma maji hadi karibu mita 9 tu kinadharia, si 10.3 kama baharini. Kwa vitendo usivuke mita 5, ukijumlisha hasara ya bomba na ziwa likiwa chini. Pampu iliyofungwa 2020 maji yakiwa juu inaweza kushindwa kuvuta ziwa likishuka mita 2. Nunua mbili zinazofanana, ziendeshwe kwa zamu ya wiki. Pampu ya akiba iliyokaa bila kuwashwa haiwashiki siku unayoihitaji.

Maji ya ziwa yaende moja kwa moja kwenye matangi?

Yapitie tangi la kutulia na chujio la mchanga. Kwanza kwa sababu ya kichocho: vimelea vinavyotoka kwa konokono huishi majini hadi takriban saa 48, hivyo tangi lililofunikwa, lisilo na konokono, lenye akiba ya siku mbili au zaidi, linawalinda wafanyakazi wanaotumbukiza mikono siku nzima. Jenga matangi mawili, moja likijaa lingine likitulia. Wanaoingia majini wavae buti ndefu za mpira, na kituo kiwe na utaratibu wa kupima na kutibu.

Pili ni mwani wa bluu-kijani, unaotanda kama rangi iliyomwagika kwenye ghuba tulivu. Baadhi yake una sumu. Ukiona utando huo juu ya chujio, funga uvutaji na utumie akiba. Tatu ni magugu maji, yaliyoingia ziwani mwishoni mwa miaka ya 1980: upepo unaweza kujaza ghuba kwa usiku mmoja, na gati likawa shambani. Kamba ya maboya yenye sketi ya wavu, iliyowekwa mshazari ili magugu yateleze pembeni badala ya kurundikana, inapunguza sana kazi.

Jambo dogo linaloharibu takwimu nyingi: mita ya oksijeni iwekewe mwinuko. Maji ya nyuzi 25 hapa yakishiba hewa yana takriban miligramu 7.2 za oksijeni kwa lita, si 8.3 kama Pwani. Mita iliyoachwa kwenye usawa wa bahari inakukosesha zaidi ya asilimia 10 kila siku, kimya kimya.

Maabara zipangwe vipi?

Tenganisha kazi za maji na kazi kavu kwa ukuta na mlango, si kwa pazia. Upande wa maji: sakafu ya zege iliyokwaruzwa (vigae vya kung'aa na ute wa kambale vinavunja watu viuno), mteremko wa sentimita 1 hadi 1.5 kwa kila mita, mfereji wenye kifuniko cha wavu wa chuma kisichoshika kutu, na kikapu cha matundu ya milimita 3 kabla ya bomba la kutolea. Magamba ya sato na sangara ndiyo adui wa bomba hilo. Soketi zote ziwe mita 1.2 juu ya sakafu. Mlango uwe na upana wa mita 1.2.

Chumba cha hadubini kikae mbali na pampu na jenereta, kwa sababu mtikisiko unaonekana kwenye lenzi, na kiwe na hewa kavu muda wote; unyevu wa ziwani huotesha kuvu ndani ya lenzi.

Stoo ya vielelezo ijengwe peke yake. Mwanza ina utamaduni mkubwa wa kukusanya furu, samaki wadogo wa ziwani wenye spishi nyingi: watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden walianza kazi ghubani mwaka 1977, na vielelezo vyao ndivyo vilivyoonyesha spishi zilizotoweka baada ya sangara kuenea. Samaki huhifadhiwa kwanza kwenye formalini, sehemu 1 ya ile ya dukani kwa sehemu 9 za maji, ikitiwa boraksi ili asidi isile mifupa, kisha huoshwa na kuhamishiwa kwenye ethanoli ya asilimia 70. Ethanoli hiyo hutoa mvuke unaoweza kuwaka kwenye nyuzi kama 17, na Mwanza mchana ni 27 au 28. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa. Kwa hiyo matundu ya kutolea hewa yawe usawa wa sakafu, swichi ziwe nje ya mlango, kizingiti kiinuke sentimita 10 ili chupa zikivunjika kimiminika kibaki ndani, na sakafu isiwe na tundu la maji. Rafu ziwe na ukingo wa mbele.

Umeme na radi?

Friza moja ya nyuzi 80 chini ya sifuri hula takriban yuniti 10 hadi 20 kwa siku. Tatu ni kama 45, ambazo zinahitaji paneli za jua za kilowati 12 hivi pamoja na betri, au jenereta inayowaka yenyewe. Usisanifu kwa kituo kizima. Gawa nyaya tangu mwanzo katika njia ya "lazima" (friza, vipulizia hewa vya matangi, seva) na njia ya "inaweza kusubiri". Umeme ukikatika, vipulizia hewa ndivyo vya kwanza: tangi lililojaa samaki linaweza kufa ndani ya saa moja au mbili, wakati friza iliyofungwa inavumilia saa kadhaa.

Bonde la Ziwa Victoria ni miongoni mwa maeneo yenye radi nyingi duniani, na kupata ethi nzuri (njia ya kupeleka umeme ardhini) kwenye itale ni kazi. Fimbo moja haifiki kokote. Zungusha waya wa shaba kuzunguka jengo lote kwenye mtaro wa sentimita 60, uujaze udongo wa bentonaiti, uunganishe na nondo za msingi kabla ya kumwaga zege, kisha upime. Lenga chini ya omu 10. Kutupa waya wa ethi ziwani usifanye: watu wanaoga pale. Weka kinga pia kwenye nyaya za mawasiliano. Vifaa vingi huungua kupitia kebo ya intaneti.

Wadudu wa ziwani wanasumbua kiasi gani?

Makundi yao huonekana kama moshi juu ya maji, na usiku hufuata taa. Weka taa za njano zinazotazama chini, nyavu kwenye madirisha, na mlango wa kwanza na wa pili wenye ukumbi mdogo katikati. Vichujio vya viyoyozi vikaguliwe kila wiki msimu wao ukiwadia.

Majitaka na kemikali ziende wapi?

Maji ya vyoo na jikoni: septiki, kisha bwawa la kokoto lililopandwa matete, yote nje ya mita 60. Maji ya matangi ya samaki yana hasa mchanga na kinyesi. Tangi la kutulia na matete vinatosha, lakini wavu wa milimita 1 uzuie samaki wa majaribio kutorokea ziwani.

Formalini na ethanoli zisiingie septiki hata kikombe. Zinaua bakteria wanaofanya kazi yote. Zikusanywe kwenye madumu yaliyoandikwa jina na tarehe, na mkataba wa kuzichukua uwe umesainiwa kabla ya maabara kufunguliwa. Jenereta ikae kwenye beseni la zege linaloweza kubeba dizeli yote ya tangi lake na asilimia 10 zaidi.

Ujenzi uanze mwezi gani?

Kazi za nchi kavu, Juni. Kazi za majini, Agosti hadi Oktoba: ziwa limeshuka, vuli haijaanza, na kusi inapungua. Uzio wa viroba vya mchanga unafaa hadi kina cha mita 1.2; zaidi ya hapo maji huanza kububujika kutoka chini ya mchanga na shimo hujaa haraka kuliko pampu. Vifaa vinavyoagizwa nje viwe vimefika bandarini miezi mitatu kabla. Mkandarasi akikosa dirisha hilo, asubiri. Zege iliyomwagwa kwenye maji ya Novemba mara nyingi huvunjwa Januari.

Wavuvi wa jirani tuwahusishe vipi?

Kabla ya kununua kiwanja, kaa na uongozi wa BMU (kikundi cha wavuvi kinachosimamia uvuvi na ufuko) wa mwalo. Uliza njia ya kushuka majini inapita wapi, akina mama wanaanika dagaa wapi, mitumbwi inajikinga wapi upepo ukivuma. Njia ya watu ikipita kiwanjani kwako, iweke kwenye mchoro na uijenge. Ukizungushia uzio, utavunjwa, na vifaa vyako vya kupimia maji navyo vitapotea. Vijana wa mwalo wanajua ghuba usiku. Waajiri kama manahodha na walinzi wa maboya.

Akiba gani ya vipuri iwepo siku ya kufungua?

Sili na beringi za pampu seti mbili, impela moja, chujio zima la pili, vifungo vya bomba la 110 sita, pingu za minyororo kumi, vipande vya magnesiamu vya mwaka mmoja, propela ya akiba kwa kila injini ya boti pamoja na pini zake, kipulizia hewa kimoja kamili na fyuzi za inveta. Viwe kwenye kabati lenye daftari, na ufunguo uwe kwa fundi wa zamu, si kwa mhasibu anayefunga ofisi saa 10 jioni.